Kipima mwanga ndani ya kamera ya filamu: kukikagua, kukisoma na kukisahihisha

Filamu ya picha 36 ni pesa, na kuisafisha ni pesa nyingine. Picha huioni mpaka filamu itoke kwenye dawa, na mwanga ulioukosea siku ya harusi haurudi. Ndiyo maana mtu akipewa Pentax ya mjomba wake au akinunua Zenit sokoni, swali lake la kwanza huwa ni hili: kipima mwanga cha ndani bado kinafaa?

Mara nyingi kinafaa, hata kikiwa na umri wa miaka hamsini. Lakini kinataka mambo mawili kutoka kwako. Ujue kama ni kizima, na ujue kinawaza nini kinapotazama kitu. Hilo la pili ndilo linaloharibu picha nyingi zaidi, na hakuna fundi anayeweza kukutengenezea.

Mfano wangu mkuu hapa ni Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, kwa sababu haina kitu cha kukuchanganya: mshale mmoja tu upande wa kulia unapochungulia. Kamera nyingine nitazitaja pale zinapotofautiana nayo.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Apecha ni tundu la lenzi: f/16 ni tundu dogo, f/2 ni tundu kubwa. Shata ni pazia linalofunguka na kufunga mbele ya filamu, na kasi yake huandikwa kwa sehemu za sekunde. Stopu ni hatua moja ya mwanga: ukiongeza stopu moja, mwanga unaofika kwenye filamu unakuwa maradufu, na ukipunguza moja unabaki nusu. Kutoka f/16 kwenda f/11 ni kuongeza stopu moja. Kutoka 1/250 kwenda 1/125 ni vilevile.

Hatua ya 1: Tambua kamera yako inaona kwa kitu gani

Kuna aina tatu utakazokutana nazo, na kila moja huzeeka kwa njia yake.

Seleni haitaki betri. Mwanga wenyewe huzalisha umeme unaosukuma mshale. Utaitambua kwa kioo chenye vinundu vidogo vingi, ama juu ya lenzi kama kwenye Zenit-E, ama kikiizunguka lenzi kama kwenye Olympus Trip 35. Seleni iliyochoka huona giza mahali penye mwanga, kwa hiyo hukuambia ufungue tundu kuliko inavyotakiwa. Hata ikiwa nzima, ndani ya nyumba haina msaada mkubwa.

Kadmiamu salfaidi, ambayo kwenye vitabu vya kamera huandikwa CdS, ndiyo iliyomo kwenye K1000, Pentax Spotmatic, Canon FTb, Minolta SRT-101 na Olympus OM-1. Hii inataka betri. Ina tabia moja ya kuizoea: hukumbuka mwanga mkali. Ukiielekeza kamera kwenye jua kisha ukaingia chumbani, mshale utadanganya kwa muda, pengine nusu dakika au zaidi, kabla ya kutulia. Mpe mshale nafasi.

Silikoni ilikuja baadaye, na ndiyo iliyomo kwenye Canon AE-1 ya 1976 na Nikon FM2 ya 1982. Ni ya haraka na haina kumbukumbu hiyo.

Hatua ya 2: Betri, kabla ya kulaumu chochote kingine

Fungua kifuniko cha betri chini ya kamera. Ukiona unga wa kijani au mweupe, betri ya zamani ilivuja. Chovya kijiti cha pamba kwenye siki kidogo, sugua vyuma mpaka ving'ae, futa kwa spiriti, acha vikauke. Mishale mingi iliyodhaniwa kufa imefufuka kwa kazi hiyo peke yake.

K1000 hutumia betri moja ndogo ya LR44 au SR44. Zinatoshana kwa umbo, lakini nunua SR44 ukiipata. LR44 ni ya alkali, na nguvu yake hushuka polepole jinsi inavyotumika, kwa hiyo usomaji wa mshale nao huhama polepole bila wewe kujua. SR44 ni ya fedha: inashikilia volti zake karibu 1.55 mpaka inapokaribia kwisha, ndipo inaporomoka kwa mara moja. Kwa kipima mwanga, betri inayokufa ghafla ni bora kuliko inayokufa kidogo kidogo.

K1000 haina swichi ya kuzima kipima. Kifuniko cha lenzi ndicho swichi. Ukiiacha mezani bila kifuniko, betri inaendelea kuliwa. Na ili kujua kama betri ipo hai, weka ASA (namba inayoonyesha filamu inahitaji mwanga kiasi gani) 100, weka shata kwenye B, elekeza lenzi penye mwanga: mshale unapaswa kuruka juu. Kwenye Nikon FM na FM2, lazima uvute kidogo mkono wa kuvutia filamu ndipo taa za kipima ziwake; wengi hudhani kamera imekufa kumbe hawajauvuta. Canon AE-1 hutumia betri ya volti 6 na ina kitufe cha kuikagua, na bila betri haipigi kabisa.

Shida kubwa iko kwenye kamera za miaka ya sitini na sabini zilizoundwa kwa betri ya zebaki aina ya PX625, ya volti 1.35: OM-1, FTb, SRT-101. Betri hizo haziuzwi tena kwa sababu ya sumu ya zebaki. Duka litakupa ya alkali yenye umbo hilohilo, na itaingia vizuri, na mshale utacheza. Lakini ni ya volti 1.5. Mshale unasukumwa zaidi, kamera inaona mwanga mwingi kuliko uliopo, na filamu yako inatoka na mwanga pungufu. Usijaribu kusahihisha hilo kwa kugeuza ASA tu, maana kosa lenyewe hubadilika kati ya juani na kivulini, na pia kadiri betri inavyochoka.

Suluhisho la bei nafuu ni betri za zinki na hewa za namba 675, zile zinazotumiwa kwenye vifaa vya masikio vya watu wasiosikia vizuri. Zinatoa karibu volti 1.4 na hazishuki ovyo. Ni nyembamba kuliko PX625, hivyo zinahitaji pete ya mpira au ya waya kuzishika. Ukibandua karatasi yake zinaanza kupumua na zitadumu miezi michache tu, utumie usitumie. Suluhisho la kudumu ni adapta inayoshusha volti za SR44, au fundi akurekebishie saketi. Pentax Spotmatic haina tatizo hili, kwa sababu saketi yake imejengwa kwa namna isiyojali tofauti ndogo ya volti.

Hatua ya 3: Iambie kamera filamu gani imo ndani

Kipima hakijui umeweka filamu gani. Kamera zenye uwezo wa kusoma alama kwenye kopo la filamu zilianza baada ya mfumo wa DX wa 1983, na hizi tunazozizungumzia nyingi ni za kabla yake. Kwenye K1000, nyanyua pete ya nje ya kitufe cha kasi za shata, izungushe mpaka namba ionekane kwenye dirisha dogo. Fanya hivyo kila unapoweka filamu mpya, papo hapo, kabla hata hujafunga mgongo wa kamera.

ASA na ISO ni namba moja. Kamera za Ujerumani na zile za Kisovieti huonyesha DIN pia: 21 ni 100, 24 ni 200, 27 ni 400.

Filamu ya rangi ya negativu (ile inayotoa picha iliyogeuzwa, penye mwanga pakiwa peusi), kama Kodak Gold au Portra, huvumilia mwanga uliozidi kwa stopu mbili na bado ikakupa picha nzuri. Mwanga pungufu haiuvumilii: vivuli hugeuka matope yenye chembe. Kwa hiyo mimi huiwekea filamu ya 200 namba 160 au hata 100, na ya 400 naiweka 200 au 320. Filamu ya slaidi, ile inayotoa picha yenyewe bila kugeuzwa, ni kinyume: ikizidi hata nusu stopu, sehemu nyeupe zinaungua na hazirudi. Hiyo iweke kwenye namba yake halisi. Filamu ya rangi iliyopitwa na muda, ongeza stopu moja kwa kila miaka kumi, kama kanuni ya kuanzia tu.

Hatua ya 4: Mjaribu mshale kwa jua

Jua la mchana lisilo na wingu ni kipimo cha bure, nalo halibadiliki bei. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema: mahali pa jua kamili, weka f/16 na kasi ya shata iliyo sawa na namba ya filamu. Filamu ya 100, piga 1/125 kwa f/16. Ya 200, 1/250. Ya 400, 1/500. Kivuli chako chini kikiwa na ukingo mkali, uko kwenye f/16. Wingu jepesi lililolainisha ukingo, f/11. Wingu lililotanda na kivuli hakionekani vizuri, f/8. Wingu zito la mvua, f/5.6. Kivulini chini ya mwembe huku anga ikiwa wazi, f/4 au f/5.6.

Sasa jaribu. Saa nne asubuhi au saa tisa alasiri, jua likiwa mgongoni kwako, ijaze fremu kwa kitu chenye mwangaza wa kati, si cheupe wala cheusi: nyasi za kijani, au lami kuukuu iliyopauka. Weka ASA 200, shata 1/250, zungusha pete ya apecha mpaka mshale ukae katikati. Ukikaa kwenye f/16 au karibu na hapo, nusu stopu huku au huku, kipima chako ni kizuri.

Usiishie hapo. Rudia kivulini, kisha rudia ndani ya nyumba kando ya dirisha, ukilinganisha na kamera ya dijitali au programu ya simu iliyowekwa ISO ileile. Tumia ukuta mtupu wenye rangi moja na uhakikishe vifaa vyote viwili vinaona sehemu ileile ya ukuta. Andika tofauti. Kama kamera inakosea stopu moja kila mahali, kwa upande uleule, hiyo si shida: geuza ASA kwa stopu moja na uendelee na maisha. Kama juani ni sahihi lakini ndani inakosea stopu mbili, kipima hakiendi sambamba na mwanga, na hakuna namba moja ya ASA itakayokisahihisha. Kipima hicho ni cha fundi.

Mwanga hafifu nao una mpaka. K1000 husoma kwa uhakika mpaka karibu 1/4 ya sekunde kwa f/1.4 ukiwa na filamu ya 100. Chini ya hapo, mshale ukikuambia kitu, usiushike sana.

Hatua ya 5: Kijivu, kanzu, buibui na uso

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa.

Kipima cha ndani hakipimi mwanga unaoangukia kitu. Kinapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Hakijui kama kinatazama chokaa au mkaa. Kimewekwa kiwandani kiamini kwamba chochote kilicho mbele yake ni kijivu cha kati, ile rangi ya kadi ya studio inayoakisi asilimia 18 ya mwanga. Mshale ukikaa katikati maana yake ni moja tu: ukipiga sasa, ninachokiona kitatoka kijivu.

Chukua bwana mwenye kanzu nyeupe na bibi mwenye buibui jeusi, wamesimama pamoja juani, filamu ya 200. Sogea mpaka kanzu ijaze fremu, na shata iwe huru kubadilika: kipima kitakuambia 1/1000 kwa f/16. Sogea kwenye buibui: kitakuambia 1/60 kwa f/16. Tofauti ya stopu nne, kwa watu wawili walioshikana mikono! Ukifuata kanzu, nguo nyeupe itatoka kijivu na nyuso zitazama gizani. Ukifuata buibui, nguo nyeusi itapauka na kanzu itaungua, haina hata mkunjo mmoja.

Jua linalowaangukia ni moja, kwa hiyo jibu sahihi ni moja: 1/250 kwa f/16. Na unaweza kulifikia kutoka pande zote mbili. Nyeupe ni takriban stopu mbili juu ya kijivu, basi ukiipima kanzu, ongeza mwanga stopu mbili: kutoka 1/1000 unafika 1/250. Nyeusi ni takriban stopu mbili chini, basi ukilipima buibui, punguza stopu mbili: kutoka 1/60 unafika 1/250. Fanya zoezi hili nyumbani kwa shuka nyeupe na nguo nyeusi, bila filamu ndani ya kamera, mpaka mkono uzoee. Ukilielewa hili moja, mengine yote ya kipima mwanga ni maelezo ya ziada.

Neno "nyeupe" linajumuisha mengi kuliko kanzu: mchanga wa pwani, ukuta uliopakwa chokaa wa Mji Mkongwe au Lamu, bati jipya, mawingu, theluji kileleni Kilimanjaro. Vyote humfanya mshale aseme "mwanga ni mwingi, funga". Na vyote humtia mtu aliyesimama mbele yake gizani.

Tuje kwenye uso. Vitabu vingi vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya na Marekani hushauri: pima uso, kisha fungua stopu moja. Ushauri huo ni sahihi kwa ngozi nyeupe, ambayo iko stopu moja juu ya kijivu. Ngozi ya maji ya kunde iko karibu na kijivu chenyewe, kwa hiyo usomaji wake unaufuata ulivyo. Ngozi nyeusi iliyokolea iko takriban stopu moja chini. Mtu akiipima na kufungua stopu moja zaidi kama kitabu kilivyosema, amezidisha mwanga kwa stopu mbili, na ule weusi mzuri wenye kung'aa unageuka rangi ya vumbi.

Kwa slaidi, pima uso mweusi kwa karibu, kisha funga nusu stopu hadi moja. Kwa negativu ya rangi, mimi huchukua usomaji wa uso bila kupunguza kitu. Filamu inaivumilia ile stopu ya ziada, na macho, nywele na mashimo ya vivuli hupata uhai. Hilo ni chaguo langu na silibadilishi kirahisi: kati ya ukuta wa nyuma kuungua kidogo na uso wa mtu kupotea, ukuta na uungue.

Kama huwezi kumsogelea mtu, tumia kiganja chako. Viganja vya watu hutofautiana kidogo kuliko nyuso zao, na vingi viko takriban stopu moja juu ya kijivu. Kinyooshe kiganja kwenye mwanga uleule unaomwangukia unayempiga, kikiwa kimegeukia upande ambao uso wake umegeukia, kijaze fremu (huhitaji kukifokasi), soma, kisha fungua stopu moja. Kwa mfano wetu, kiganja kitasoma 1/500 kwa f/16, na ukifungua stopu moja unafika palepale 1/250. Jaribu kiganja chako mara moja mbele ya kadi ya kijivu ujue tofauti yake halisi, maana hicho ndicho kipimo utakachotembea nacho.

Jambo moja la huku kwetu: karibu na ikweta, jua la saa sita liko utosini. Kanuni ya f/16 itakupa paji la uso sahihi na macho ndani ya mashimo meusi. Pima sehemu ya uso iliyo kivulini, au fungua stopu moja zaidi ya kanuni. La bora zaidi, mpeleke mtu chini ya baraza.

Hatua ya 6: Jua kipima kinatazama wapi

Kamera mbili zaweza kusoma tofauti mbele ya kitu kimoja na zote zikawa nzima, kwa sababu hazitazami sehemu moja. K1000 hukusanya mwanga wa karibu fremu yote na kutoa wastani. Nikon FM na FM2 hutazama fremu yote pia, lakini asilimia 60 ya uzito huwekwa kwenye duara la katikati lenye upana wa milimita 12. Canon FTb hutazama mstatili wa katikati tu, asilimia 12 ya fremu, na nje ya hapo haioni kitu. Leica M6 ya 1984 hupima doa jeupe lililochorwa katikati ya pazia la shata. Nikon FA ya 1983 ndiyo iliyoanza kuigawa fremu vipande vitano na kuvilinganisha.

Adui wa kipima cha wastani ni anga. Ukipiga mandhari kwa K1000 na anga ikachukua nusu ya fremu, ardhi itatoka nyeusi. Tiba ni rahisi: inamisha kamera mpaka anga itoke nje ya fremu, weka mshale katikati ukitazama ardhi, kisha inua tena upange picha. Mshale utapanda juu na kulalamika. Uache. Umekwisha kupima.

Kwenye kamera za kujiendesha zenyewe ujanja huo haufanyi kazi mpaka uwe na njia ya kushikilia usomaji. Canon AE-1 ina kitufe cha mwanga wa nyuma kinachoongeza stopu moja na nusu. Kibonyeze wakati wa kupiga mtu aliyeupa jua mgongo. Yashica Electro 35 haina kitufe hicho, hivyo geuza ASA: kutoka 400 kwenda 200 ni kuongeza stopu moja. Kisha irudishe mara tu baada ya picha hiyo.

Hatua ya 7: Kupiga yenyewe

Chagua kasi ya shata kwanza. Kwa lenzi ya milimita 50 mkononi, usishuke chini ya 1/60. Kwa mtoto anayekimbia, 1/250 au zaidi. Kisha amua ni kitu gani kwenye fremu unataka kitoke sahihi, kiendee au kiigize kwa kiganja, zungusha apecha mpaka mshale ukae sawa, fanya hesabu yako ya kuongeza au kupunguza, rudi mahali pako, fokasi, piga. Mwanga usipobadilika, usipime tena. Mtu akigeuka au nguo ikibadilika mbele ya lenzi, mshale utacheza, lakini jua ni lilelile na jibu ni lilelile.

Taa za Nikon FM husomeka hivi: duara peke yake ni sahihi, duara pamoja na alama ya kujumlisha, mwanga umezidi lakini haujafika stopu moja, kujumlisha peke yake, umezidi zaidi ya hapo. Kutoa ni kinyume chake.

Spotmatic inataka uinue swichi iliyo kando ya lenzi kabla ya kusoma, ili tundu lijifunge kweli. Usomaji bila swichi hiyo hauna maana. Zenit-E haina uhusiano wowote kati ya kipima na lenzi: unasoma kwenye kitufe cha juu, kisha unahamisha namba kwa mkono. Na AE-1, ukiitoa pete ya apecha kwenye A (alama ya kujiendesha yenyewe), mshale bado utaonyesha apecha inayopendekezwa, lakini kamera haitaiweka. Uiweke wewe kwenye pete.

Kichujio kilicho mbele ya lenzi huhesabiwa na kipima kinachosoma kupitia lenzi. Tahadhari ni kichujio chekundu kwenye kamera za CdS: huwa zinaona wekundu kupita kiasi na kukupunguzia mwanga. Soma bila kichujio, kisha ongeza stopu tatu kwa chekundu cha kawaida.

Kamera ikiwa juu ya stendi na jicho lako liko mbali, mwanga huingia kwa nyuma kupitia kitundu cha kuchungulia na kumdanganya mshale. K1000 ina macho yake kando ya kitundu hicho hasa, basi kifunike kwa mkono unapopima. Wavaa miwani nao wajihadhari jua likiwa nyuma yao.

Usiku, usomaji ukivuka sekunde moja, filamu yenyewe huanza kuchoka na kutaka zaidi ya ilivyopimiwa. Ilford HP5 Plus, kwa mfano, ikipimiwa sekunde 10 ipe karibu 20.

Hatua ya 8: Filamu moja ya majaribio, na kusoma negativu

Tenga filamu moja ya rangi ya bei ya chini. Mketishe mtu mmoja kivulini, pima uso wake, piga kama ulivyosomewa, kisha piga ukipunguza stopu moja, ukiongeza moja, ukiongeza mbili. Rudia juani na ndani ya nyumba. Andika kila fremu.

Filamu ikisafishwa, usihukumu kwa picha zilizochapwa wala zilizoskaniwa, kwa sababu mashine ya maabara hurekebisha mwanga na rangi bila kukuuliza. Marekebisho hayo yana historia yake: kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi za ngozi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Mwambie fundi wa maabara wazi kwamba nyuso ziwe nyeusi kama zilivyo, na asizipaushe.

Hukumu kwa negativu yenyewe ukiishika mbele ya dirisha. Tazama kwanza maandishi ya kiwandani yaliyo pembeni mwa filamu. Yakiwa yamekolea vizuri lakini fremu ni nyepesi, zinapitisha mwanga kama kioo na vivuli havina kitu ndani, mwanga ulipungua ulipopiga. Maandishi nayo yakiwa yamefifia, kosa ni la dawa ya kusafishia, na kipima chako hakina hatia. Fremu zikiwa nzito sana huku maandishi yako sawa, mwanga ulizidi.

Tafuta fremu nyepesi kuliko zote ambayo bado ina maelezo kwenye nywele na kwenye mikunjo ya nguo nyeusi. Angalia uliiandikia nini. Kama ni ile ya kuongeza stopu moja, basi kwa kamera hiyo filamu ya 200 ni ya 100. Kata kipande cha utepe, andika "200 = 100", ukibandike chini ya kamera, na ubadilishe betri mwaka ujao tarehe hiyohiyo.